Kucha Hazilishwi Halua

Somo alikuwa haangalii uso wa mtu. Ukimpa salamu, macho yake yanakwenda moja kwa moja mikononi mwako, anazipitia kucha zako zote kumi, ndipo anapoamua kama akuitikie kwa mdomo au kwa pua. Mimi, miaka yote tuliyokaa ukuta mmoja hapa Satwa, Dubai, aliniitikia kwa pua.

Namwita Somo kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu, mdogo kwa mkubwa, hata Mhindi wa duka la vitambaa pale mtaani. Kazi yake ilikuwa kuwatengeneza maharusi: singo na liwa za kusugua mwili, udi, hina ya mikono na miguu, na yale mafunzo ya chumbani ambayo mimi niliyasikia kwa ukuta tu, na niliyoyasikia hayakunifunza kitu. Kwao wapi na kazaliwa na nani sisemi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kutwa, na kila mwaka nasaba yake inapanda daraja.

Mimi ni mtu wa shamba, kusini Unguja. Skuli nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Dubai nilikuja kufanya kazi, na zaidi ya miaka ishirini nilikuwa jikoni kwa arbab, bwana tajiri mmoja wa Jumeirah aliyekuwa akifuga vipanga vya kuwindia. Chakula cha watu nilipika, lakini na chakula cha vipanga kilipita mikononi mwangu: kware kwa makarai, nakata, naponda mifupa, natenga maini. Vipanga vyangu vilikuwa na makucha yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na wageni wa arbab walikuwa wanauliza nani anawalisha. Nasema hivi si kwa kujisifu, ingawa ninajisifu.

Siku Somo alipoijua kazi yangu ya zamani, alicheka mpaka mtandio ukamtoka. "Kumbe jirani yangu mpishi wa ndege!" Akawaambia wanawake wote wa mtaa. Basi nikawa Bi Mpishi wa Ndege. Watu wakinisalimu kwa jina hilo sokoni, nami naitikia, nitafanyaje. Lakini moyoni nilimwekea.

Tabia zake nikizitaja zote, karatasi haitoshi. Alisema hatoki nyumbani kwake, mwanamke wa heshima hatoki, na hapohapo alijua kila nyumba imepika nini na chumvi ilizidi wapi. Jumatatu na Alhamisi alifunga, na siku hizo ndizo alizokula nyama za watu zaidi, maana mdomo ulikuwa hauna kazi nyingine. Akikupa udi wa kufukizia, anakupa uliokwisha kuungua nusu. Akikosea jambo, basi jambo lenyewe ndilo lililokosea. Nilimwona siku moja akibishana na mwezi. Wote tumefunga, tumetangaziwa, yeye anasema mwezi haukuandama, waliouona macho yao mabovu. Alifunga siku ya pili yake, peke yake, halafu siku ya Idi akakaa na njaa mpaka magharibi kutimiza hesabu yake. Akatuambia sisi ndio tunaokula mchana wa Ramadhani.

Na kuuliza hajui. Angepotea katikati ya barabara asingemuuliza mtu njia. Mjukuu wangu Salma alimkuta siku moja kwenye kituo cha metro, amesimama mbele ya ile ramani ya rangi rangi, hajui kusoma zaidi ya msahafu. "Somo, unakwenda wapi nikusaidie?" Akajibu, "Nakwenda ninakokwenda." Salma anasema alimwacha pale, na saa nzima baadaye alipopita tena, Somo alikuwa bado anaitazama ramani kama anayeidai radhi.

Salma huyo ndiye anayesoma unesi, na ni wa kwanza katika darasa lake. Hilo nitalisema kila nikipata nafasi.

Miaka ya mwisho mwisho maharusi walipungua kuja kwake. Zamani mlango wake ulikuwa haufungwi, viatu vya wasichana vimetapakaa nje mpaka kwangu. Halafu kumi, halafu watatu, halafu kimya. Yeye alisema ni hizi saluni za kwenye maduka makubwa, zinazobandika kucha za plastiki. "Dunia imekuwa ya gundi," akisema. Mimi nilimwamini kwa hilo, maana saluni zilikuwa nyingi kweli. Na sikumwonea huruma. Mtu aliyewaambia mama wa maharusi usoni kuwa mabinti zao wana miguu ya bata, mwache akae na kimya chake.

Kimya hicho ndicho alichokikuta nguchiro.

Nguchiro ni jina langu mimi, wenyewe humwita fereti. Salma aliniambia ni jamaa ya kicheche, mnyama mrefu mwembamba kama soksi iliyotiwa roho, mweupe wa maziwa, macho kama tone la wino. Kwetu shamba mnyama wa sura hiyo akionekana karibu na banda la kuku anapigwa mawe. Hapa Dubai anauzwa dukani na kuvishwa kamba ya shingo. Mtoto wa Somo, Seif, kijana wa ofisini anayekaa katika mojawapo ya ile minara ya Jumeirah Lake Towers, alimnunua akamweka kwenye fleti. Haukupita mwezi, mlinzi wa mnara, Mkenya, akamgongea mlango: "Bosi, hiyo kitu yako inanuka koridoo yote. Wakubwa wamesema itoke, ama utoke nayo."

Basi Seif akamleta kwa mama yake, na kizimba chake, na mfuko mkubwa wa chakula chake cha vidonge.

"Wiki moja tu, mama. Natafuta pengine pa kukaa."

"Najisi hiyo haivuki kizingiti changu," Somo akasema. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu kwa ajili hiyo.

Siku ya kwanza kizimba kililala uani. Siku ya pili kilikuwa ukumbini. Siku ya tatu nilimsikia anacheka. Mtu ambaye nilijua hacheki ila mwenzake akianguka, anacheka peke yake asubuhi na mapema, na baina ya kicheko anasema, "Rudisha kitana changu, we mwizi, rudisha!" Mnyama yule alikuwa anaiba vitana, vijiti vya hina, na kofia ya marehemu mumewe, anaficha vyote chini ya kitanda, halafu anacheza kwa kurukaruka ubavu ubavu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Wiki ikawa mwezi. Somo akampa jina: Mwari. Akamchukulia hasa kama mwari, binti aliyewekwa ndani kungojea harusi.

Hapo ndipo ujinga ulipoanza.

Kile chakula cha vidonge alikinusa akasema ni chakula cha mbwa, akawamwagia njiwa. Mwari wake akamlisha vile alivyozoea kuwanenepesha wari wake wote: uji wa maziwa asubuhi, tende zilizotolewa kokwa adhuhuri, kipande cha halua jioni, na mkate wa ufuta uliochovywa kwenye tui. Nilimwona kwa macho yangu anamlisha kwa kijiko. Mnyama mwenye meno kama sindano anabembelezwa kwa uji! Hata mtoto wa darasa la kwanza akitazama meno yale anajua Mungu hakuyaumba kwa tende.

Miezi haikupita mingi, manyoya yakafifia yakawa kama sufu ya mto wa zamani. Kucha zikakauka. Kwanza zikawa na michirizi myeupe, halafu zikaanza kupasuka ncha, halafu zikawa zinamenyeka tabaka tabaka kama ganda la kitunguu. Na mnyama yule maisha yake ni kuchimba na kukwaruza. Akikwaruza busati kucha inanasa, anapiga ukelele.

Na Somo? Somo, bingwa wa kucha, aliyezitengeneza kucha za nusu ya mabinti wa pwani waliozaliwa mji huu, alimfanyia nini? Alizichovya kwenye mafuta ya nazi yenye karafuu. Mnyama akayalamba, akatapika. Akamfunga vitambaa, akavitafuna. Mwisho akampaka hina. Walahi nakwambia. Nilipoingia kumpa pole ya msiba wa jamaa yake, nikamkuta nguchiro amekaa juu ya mto, miguu minne myekundu, kama bibi harusi wa kuzimu.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, nikacheka msibani.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Kucha zinaota kutoka tumboni, Somo. Unapaka rangi nyumba inayobomoka."

"Mpishi wa ndege leo kawa tabibu," akasema, akawageukia wanawake wengine. "Mleteeni joho."

Wakacheka wote. Nikanyanyuka nikaenda zangu. Nikajisemea, mnyama si wangu, msiba si wangu.

Ijumaa iliyofuata Seif alikuja baada ya sala. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, na kijana yule alikuwa na sauti. Nikasikia kizimba kinafunguliwa. Halafu: "Mama, hii damu ya nani kwenye busati?"

Ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka mpaka kwenye nyama.

"Amejikwaruza mwenyewe," Somo akasema.

"Na huu wekundu wa miguu?"

"Hina."

"Hina! Mama, huyu mnyama unamuua." Kijana alikuwa karibu kulia. "Sikiliza. Kesho nakwenda Muscat kikazi, wiki sita. Nikirudi nikamkuta hivi, khalas, namrudisha dukani. Wao watajua la kumfanya."

Sote tunajua duka hufanya nini na mnyama aliyeharibika. Hakuna atakayemnunua.

Seif aliondoka, mlango ukafungwa. Nikangoja kumsikia Somo akigomba, maana hiyo ndiyo desturi yake, kugomba na mtu aliyekwisha kuondoka. Hakugomba. Nilichosikia ni mswala unatandikwa alasiri.

Asubuhi yake Salma alikuja kunitazama, akaingia na sahani mkononi, imefunikwa kitambaa.

"Bibi, Somo kanipa hii nikuletee. Kaimati. Kasema hana neno, kakukumbuka tu."

Nikaitazama ile sahani. Ya kaure, ya maua ya buluu, zile zake za wageni. Miaka minane tulikaa ukuta mmoja, na mkono wake haukunipa hata ndimu.

"Mtu asiye na neno haleti kaimati baada ya miaka minane," nikamwambia Salma. "Hebu fungua simu yako. Nitazamie nguchiro anakula nini."

Salma akasoma na kunifasiria. Nyama tupu na mafuta yake. Nafaka hapana, maziwa hapana, matunda hapana, na sukari ni adui, inamharibia kongosho. Anakula mara nyingi, kidogo kidogo, maana tumbo lake fupi halikai na kitu. Mafuta ya samaki matone machache, yanalainisha ngozi na kucha. Kiini cha yai mara moja moja. Maini yawe kidogo, yakizidi yanakuwa sumu.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijuaje, bibi?"

"Kipanga ukimlisha nyama ya kidari tupu, bila ngozi wala mfupa wala moyo, makucha yake hupasuka vilevile. Hilo sikulisoma kwenye simu."

Sahani ya jirani hairudi tupu, hiyo ndiyo mila yetu. Unarudisha hata kama ni sukari kijiko kimoja. Basi nikala zile kaimati, zilikuwa na shira nyingi mno, nikaiosha sahani. Nikatoa kuku wangu kwenye friji. Nikakata mioyo, firigisi, na ngozi yenye mafuta yake, nikaponda shingo mbili kwa kinu mpaka mifupa ikawa laini, nikaweka na ini kiasi cha ncha ya kidole. Vyote vibichi. Nikavipanga juu ya maua ya buluu, nikafunika kwa kitambaa kilekile.

Salma akashika mdomo. "Bibi, utamrudishia mtu nyama mbichi kwenye sahani yake ya kaure? Atasema umemtukana."

"Mpelekee. Akitukana, ndilo hilo neno lake alilosema hana."

Sikufanya kwa ajili ya Somo, msinielewe vibaya. Mnyama hakunikosea kitu. Na mimi nikiona kiumbe cha nyama kinalishwa uji, mikono inaniwasha.

Haikupita nusu saa, mlango ukagongwa. Somo mwenyewe, nguchiro kifuani ndani ya mtandio, kichwa tu kimetoka. Hakunitazama mimi. Alimtazama mnyama, akasema naye kwa sauti ya mtaa mzima:

"Mwari wangu, umeyaona? Wako watu wanadhani kukaa na vipanga ni elimu. Wametuletea taka za kuku. Na wewe umenusa ukageuza uso, mtoto wa watu, umeonyesha adabu."

Kumbe alikuwa amempa. Nami nikainama, nikamwambia mnyama huyohuyo:

"Nguchiro, mwambie bibi yako, mtoto aliyezoeshwa halua hali mboga siku moja. Mwambie achemshe supu ya kuku isiyo na chumvi, akupake mdomoni ulambe. Kesho akutilie nyama kijiko kimoja kwenye huo uji wenu, kesho kutwa viwili. Uji upungue, nyama iongezeke. Mwisho uji uwe hadithi."

"Mwari, mwambie, na tende je?"

"Nguchiro, mwambie, tende azile yeye, azidi utamu, anauhitaji."

Akanifyonya mimi, akambusu nguchiro, akaondoka. Lakini siku ya pili sahani ikaja, safari hii ina vitumbua. Nami nikairudisha na mioyo.

Tukaenda hivyo wiki tano. Kila asubuhi sahani ya maua inakwenda na vitu vya sukari na inarudi na nyama mbichi, na wapita njia wakiiona wanadhani tumepatana. Hatukupatana. Tulikuwa tunatukanana kwa njia ya mnyama kila siku. "Mwari, mwambie, shingo ya leo mfupa haukupondwa vizuri, vijakazi vya siku hizi wavivu." "Nguchiro, mwambie, kama anataka mfupa laini, anazo ndimi mbili, atumie mmoja." Salma alikuwa anakaa pale kwenye ngazi anacheka mpaka machozi.

Wiki ya kwanza mnyama alikuwa analamba tu. Ya pili akaanza kutafuna ngozi. Ya tatu akakataa uji mwenyewe, akaumwaga kwa mguu. Somo alikuja kunishitakia, kwa njia ya mnyama, na sikupata kuona mtu anashitaki kwa furaha namna ile. Manyoya yakaanza kushika mng'aro. Kucha hazina haraka kama manyoya, zinajengwa polepole. Lakini ukizitazama shinani, pale zinapotokea, uliona mstari: chini ukucha mpya, mzima, laini, na juu yake ule wa zamani uliopasuka, kama nyumba ya ghorofa mbili zilizojengwa na mafundi wawili.

Ule wa juu ulitakiwa ukatwe, la sivyo utanasa na kung'oa na ule mpya. Na Seif alibakiza siku nne.

"Mwari," nikamsikia Somo anasema mlangoni, sauti ndogo, "leo utakatwa kucha. Mwambie anayetaka kuona aje aone kazi ya wenyewe."

Nikaenda. Nilitaka kuona, sisemi uongo. Alikaa kwenye mkeka, kikata kucha kidogo mkononi, nguchiro mapajani. Aliutazama ukucha kwenye mwanga, kama fundi saa. "Huu hapa ndani una mshipa wa damu," akasema, "mwekundu, umeuona? Huo haukatwi. Unakata hapa." Alijua. Hilo sikuweza kumnyima. Kwa macho alijua kuliko mimi.

Akakisogeza kikata kucha. Na hapo nikaona mkono wake.

Ulikuwa unatetemeka. Si kutetemeka kwa mtu mwenye baridi au hasira. Ulikuwa unacheza wenyewe, kama jani, na kadiri anavyoukaza ndivyo unavyozidi. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu nguchiro akauvuta mguu wake, akamtazama.

Nikajua kwa nini maharusi hawaji. Nikakumbuka yule binti wa kutoka Sharjah aliyetoka mlangoni pale na hina imekwenda upogo mpaka kwenye kifundo, na mama yake anamwambia nyamaza, nyamaza, tutaificha kwa bangili. Saluni, kumbe. Gundi, kumbe. Mwanamke yule alikuwa amesingizia mji mzima.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, ya miaka minane, na mengine mazuri kweli. Nikanyoosha mkono nikakichukua kile kikata kucha kwenye vidole vyake. Hakukizuia.

"Nguchiro," nikasema, "mwambie akutone mafuta ya samaki tumboni."

Maana ndivyo inavyofanywa: unamlaza chali, unamtilia matone mawili tumboni, anashughulika kulamba na wewe unashughulika na kucha. Somo akatona. Mafuta yalimwagika mengi, yakaenda mpaka kwenye mkeka, na mimi nikasema mbona ndiyo vizuri, atalamba muda mrefu. Nikakata. Yeye ananionyesha kwa kidevu, hapa, hapana, chini kidogo, hapo. Mimi nakata kwa mikono hii ya kukatia kware. Kucha kumi na tisa, ukiacha ule uliong'oka, na halikutoka hata tone la damu.

Tulipomaliza akasema, "Mwari, leo umepata fundi mbaya lakini hakuua."

Seif alirudi Ijumaa, na hakuja peke yake. Alikuwa na mchumba, msichana wa Mombasa, mzuri, mpole, kucha za kubandika ndefu kama vijiko vya chai. Mimi nilikuwa nimekwenda kurudisha sahani, nikajikalia, hakuna aliyenifukuza.

Kijana alimshika nguchiro, akamgeuza mguu mmoja mmoja. Akazipitisha kucha kwenye kidole chake. "Mama! Umemfanyaje?"

"Mwana wangu, kucha hulishwa, hazipakwi," akasema Somo, na uso wake haukubadilika hata kidogo. "Nilijua hivyo tangu hujazaliwa."

Nikatazama dari. Nikamwomba Mungu anizibe mdomo.

"Basi habari njema," Seif akasema. "Tumepata fleti wanayoruhusu wanyama. Tutamchukua leo leo."

Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo, nikamwona Somo anavyoshuka. Kiwiliwili kilibaki pale pale, lakini kitu ndani kilikaa chini. Wiki tano alipigana asimpoteze mnyama kwa ubovu, na sasa anampoteza kwa uzima.

Halafu akaziangalia zile kucha za yule binti, akazipitia zote kumi.

"Sawa, mwanangu," akamwambia kwa utamu ambao sijapata kuusikia kwake. "Njoo nikufunze chakula chake. Kila baada ya saa nne anakula, na alfajiri kabla ya sala. Mioyo ya kuku, mibichi. Unaikata kwa mkono, kisu kinaichubua. Shingo mbili, mbichi, unaponda kwa kinu mpaka usikie mfupa umenyamaza. Ngozi usiitoe mafuta. Ini kiasi cha ncha ya kidole, likizidi atakufa. Firigisi unaipasua na kuisafisha ule uchafu kwa kucha zako. Una kinu?"

Binti akamtazama Seif.

"Unaweza kununua cha kusaga kwa umeme," Seif akasema.

"Cha umeme kinatia joto kwenye nyama," Somo akasema. Uongo mtupu, aliubuni pale pale. "Kila siku, mwanangu. Ukiruka siku tatu, kucha zinaanza kumenyeka. Na harufu itakuzoea, isikutie shaka. Miezi minne hivi."

Maneno yale yalikuwa yangu, neno kwa neno, ukiacha uongo. Aliyasoma kama hirizi mbele yangu, na hakunipa hata jicho.

"Mama," akasema yule binti polepole, "labda kwa sasa angebaki kwako. Mpaka tutulie."

"Mkitaka," Somo akasema. "Mimi nitapata taabu, lakini mkitaka."

Nilicheka njia nzima ya kurudi mlangoni kwangu, na njia yenyewe ni hatua sita.

Mnyama aliishi miaka mingine minne. Sahani zilipungua, maana Somo alijifunza kwenda kwa mchinja kuku mwenyewe, lakini kucha nilikuja kukata mimi kila baada ya wiki mbili, na matusi yaliendelea. Halafu mtaa wetu upande ule ukavunjwa, mimi nikahamia kwa binti yangu, Somo akapata chumba nyuma ya msikiti. Tukaonana mara chache, kwa ajili ya kucha tu. Mwisho nguchiro alizeeka, akawa analala kutwa, na asubuhi moja hakuamka. Salma ndiye aliyenipa habari. Sikwenda. Kwenda kutoa pole ya nguchiro, watu wangesemaje?

Miezi miwili au mitatu baadaye nilikuwa kwa mchinja kuku, Mhindi mmoja wa Malabari. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye mkongojo, anagomba kwa Kiarabu chake kibovu, anataka mioyo: "Qalb! Qalb, si kifua! Na shingo, mbili!" Akatiliwa mfuko. Alipogeuka, ni Somo.

Nikautazama mfuko wake. Naye akautazama wangu, maana nami nilikuwa nimekwisha kuagiza: mioyo, na shingo mbili. Sijui kwa nini niliendelea kununua. Mkono umezoea.

Tukasimama. Watu wanatupita na mifuko yao. Aliinamisha kichwa kifuani, pale mtandio unapokutana, pale alipokuwa akimbeba Mwari. Akafungua mdomo kusema naye. Hakuna kitu. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kuinama, nimeshika neno la kumjibia, na neno likanibaki mkononi.

Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama usoni. Macho yake yalikuwa ya kahawia, mepesi. Nilikuwa sijui.

"Wewe," akasema. Akatafuta. "Umekula?"

"Bado."

"Njoo basi."

Nilikwenda. Ile mioyo aliikaanga kwa pilipili manga na kitunguu kibichi, akaiacha motoni mpaka ikawa migumu kama soli ya kiatu, na chumvi alitia mara mbili. Sijapata kula kitu kibaya namna ile Dubai nzima. Niliila yote, na alipoichukua sahani nikamwambia aniongeze.